Nani Aliionyesha Pete ya Roswitha

Roswitha Schmandt alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akifunga mlango, aliusukuma tena kwa bega. Ukimwambia nje kuna theluji, alikwenda dirishani kutazama mwenyewe. Kwa kazi yetu hiyo ilikuwa sifa njema, na sisi tuliokuwa chini yake tulimcheka tu kwa upole. Hatukujua kwamba ipo siku macho yale yatatugeukia sisi.

Karakana yake ilikuwa kijijini kwetu, juu kidogo ya Wetzlar, nyuma ya nyumba aliyoijenga baba yake. Tulikuwa watu wachache: Roswitha mwenyewe, Ortwin Debus fundi wa chuma, Tilo wa gundi na mirija, na mimi Gunda, niliyekuwa nang'arisha lenzi. Lenzi zetu zilikuwa ndogo, za vyombo vya madaktari wa macho. Bonde zima la mto Lahn limeishi kwa vioo namna hiyo. Kila familia ina mtu aliyewahi kusaga lenzi, au kuwafokea wanaozisaga.

Tabu kubwa ya lenzi si kuisaga. Tabu ni kuikalisha ndani ya mrija wake, katikati kabisa, bila kuegemea upande. Unaiweka, unaizungusha polepole, unaimulika, halafu unatazama nukta ya mwanga inayorudi. Nukta ikicheza duara, lenzi imekaa vibaya. Unaigusa kidogo kwa kijiti, unazungusha tena, mpaka nukta itulie. Kisha gundi inaanza kukauka, inaivuta lenzi, na nukta inaanza kucheza upya. Hapo ndipo watu wazima wanaoimba kwaya kanisani walipokuwa wanatukana.

Roswitha alibuni pete ya chuma chembamba yenye vidole vitatu vya kuishika lenzi. Vidole vilikuwa vinanesa, na chini ya kila kimoja kulikuwa na mkato mwembamba kama unywele, mahali usipopaona mpaka uigeuze pete. Mkato ule ndio uliofanya kidole kirudi nyuma kwa kiasi kilekile ambacho gundi ilivuta. Lenzi ikabaki pale ilipowekwa. Siku tuliyoona nukta imesimama tuli hata baada ya gundi kukauka, Ortwin alivua kofia yake, akaketi.

"Roswitha," akasema, "sasa tutazeeka bila kutukana."

Wazo lilikuwa la Roswitha, mikono ilikuwa ya Ortwin. Aliikata pete ile kwa wiki nyingi, akiharibu na kurudia. Ilipofika wakati wa kupeleka maombi ya hataza, yaani ile haki ya kumzuia mwingine asitengeneze ulichobuni wewe, Ortwin alisimama karibu na meza ya Roswitha huku anajifuta mafuta vidoleni.

"Na jina langu je?"

"Jina lako lina kazi gani pale, Ortwin? Uliikata nilivyokuchorea."

"Ulichora ikavunjika, ukachora ikavunjika tena. Iliyokaa ni ile niliyoikata nilivyoona mimi."

"Ulipunguza unene. Kupunguza unene si kubuni."

Ortwin alitabasamu, akarudi kwenye mashine yake. Lile tabasamu Roswitha alikuja kulikumbuka baadaye, akaligeuza kila upande na kukuta kila upande lina kitu kibaya.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye pete ile haikumfurahisha hata kidogo, au ndivyo tulivyodhani. Mzee Eberhard, baba yake Roswitha, ndiye aliyeianzisha karakana. Alikuwa amestaafu, lakini alibaki na ufunguo wake, na Jumamosi alikuwa akija kukaa kati ya mashine zilizozimwa kama mtu anayetembelea makaburi ya ndugu zake. Tulipomwonyesha pete, aliitazama kwa mbali.

"Lenzi inapangwa kwa jicho na pumzi," alisema. "Anayehitaji pete hajui kazi."

Roswitha aliirudisha pete mezani. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, na sikumbuki hata mara moja kumsikia baba yake akimsifu, iwe kwa lenzi, iwe kwa chakula. Mzee alikuwa na sifa za kutosha kwa watu waliokufa. Kwa walio hai alikuwa na masahihisho.

Hataza ilitoka baada ya muda mrefu. Tulifungua chupa za mvinyo wa tufaha, Tilo akaimba. Miezi haikupita mingi, kampuni ya Lindthal ikaleta pingamizi. Lindthal ilikuwa kampuni kubwa, yenye majengo ya kioo na walinzi getini. Walisema pete ya vidole vitatu ilikuwa imeonekana na watu kabla Roswitha hajapeleka maombi yake, na kitu kilichokwisha kuonekana na umma hakiwezi tena kuwa cha mtu mmoja. Walileta maelezo yaliyotiwa sahihi na mnunuzi wao wa zamani, bwana mmoja aitwaye Volkmar Nies. Alisema ameiona kwa macho yake, vuli ile kabla ya maombi, ndani ya karakana yetu. Alionyeshwa, aliandika, na mtu wa hapo.

Hakutaja jina. Mtu wa hapo, basi.

Nies mwenyewe alikuwa hospitalini wakati shauri liliposikilizwa mara ya kwanza, lakini maelezo yake yalitosha. Hataza ikafutwa. Roswitha akakata rufaa.

Nilimsindikiza Frankfurt kwa wakili wake, Daktari Theissen, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alitukaribisha kahawa, akaisogeza mbali ili isimwagikie karatasi.

"Bibi Schmandt, nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu hapa watu wengi hukasirika kabla sijamaliza. Kama huyo mtu wa hapo alijua pete ni siri, na akaionyesha ili kukuibia au kukukomoa, sheria iko upande wako. Ilitokea miezi michache tu kabla ya maombi yako. Tutasema ni hila, na kilichoonekana kitahesabiwa kana kwamba hakikuonekana."

"Na kama hakuwa na hila?"

"Kama alionyesha tu, kwa roho safi, kwa mgeni ambaye hakuambiwa anyamaze, basi umma umeona."

"Kwa hiyo nikiwa nimesalitiwa, nashinda."

"Ukiwa umesalitiwa, una nafasi."

"Na nikiwa sikusalitiwa?"

Wakili alifunika kalamu yake. "Basi tutatafuta njia nyingine, na kwa leo siioni."

Kwenye treni ya kurudi, tulikuwa tumeshapita Giessen Roswitha aliponigeukia.

"Jambo la ajabu, Gunda. Nimetoka mle ndani natamani awepo mwizi."

Kuanzia siku hiyo akaanza kumtafuta. Kahawa ya asubuhi, ambayo tulikuwa tunainywa pamoja na mkate na soseji ya maini, ikafa yenyewe. Kila mtu akawa anakula mezani kwake amegeukia ukuta. Pete zikafungiwa kabatini. Kufuli zikabadilishwa. Ulikuwa unainua kichwa kutoka kwenye kazi na kumkuta amesimama mlangoni, anatutazama.

Zamu yangu ilikuja siku moja nikiwa naosha mikono.

"Vuli ile, Jumamosi ulikuwa unafanya nini?"

"Roswitha, nani anakumbuka Jumamosi za zamani hivyo? Nilikuwa kwa dada yangu. Tulikuwa tunachuma plamu."

"Nimeshamuuliza dada yako. Anasema plamu zilikuwa zimekwisha."

"Basi yalikuwa matufaha."

Alinitazama machoni. Nilihisi uso unaniwaka, na sikuwa nimefanya lolote.

"Haya," akasema mwishowe. "Matufaha."

Tilo naye aliulizwa gari jipya kalipata wapi. "Ni la mama mkwe," alijibu. "Ukitaka nampigia simu sasa hivi, akutukane mwenyewe." Roswitha alikubali apige. Mama mkwe alitukana vizuri, na Tilo akasamehewa.

Akabaki Ortwin.

Mambo ya Ortwin yalikuwa yanaonekana mabaya, lazima niseme. Kulikuwa na lile neno la jina lake kukataliwa. Halafu siku moja, kwa muuza mikate, Roswitha akasikia kwamba mkwe wa Ortwin, mume wa binti yake, anafanya kazi Lindthal. Ortwin hakuwa amemwambia mtu. Tangu hapo kila alichofanya kilikuwa ushahidi. Akiondoka mapema, ana mtu anayekwenda kumwona. Akichelewa kuondoka, anasubiri tutoke. Akinyamaza Roswitha anapoingia, anaficha. Mtu akikutazama vile utaongea nini? Lakini hilo halikumwingia Roswitha, na mimi nilikuwa na matufaha yangu ya kujibia, nikakaa kimya.

Mzee Eberhard wakati huo alikuwa ameshapelekwa kwenye nyumba ya wazee. Akili ilikuwa inakuja na kuondoka. Siku nyingine alimwita Roswitha kwa jina la marehemu mke wake, siku nyingine alimuuliza bei ya mashine mpya. Jumapili moja nilikwenda kumwona pamoja na Roswitha, tukiwa na keki ya plamu. Mzee alikuwa na siku nzuri.

"Baba," Roswitha alimwuliza, "Ortwin unamwonaje?"

"Debus?" Mzee alitema kokwa ya plamu kwenye kijiko. "Baba yake alitoka kwangu na wateja wawili mfukoni. Hao wa ng'ambo ya mto hawabadiliki."

"Unadhani anaweza kuwaonyesha wageni kazi yetu?"

Mzee alitafuna taratibu. Alitazama dirishani, akamtazama binti yake, akarudi dirishani.

"Nani mwingine?" akasema. "Nani mwingine angeionyesha?"

Roswitha alinigeukia na uso wa mtu aliyepata kipimo alichokuwa anakitafuta. Wiki hiyo akaenda kwa wakili, akatia sahihi maelezo kwamba anaamini pete ilionyeshwa na Ortwin Debus, mfanyakazi wake, kwa chuki na kwa faida, akijua kwamba ni siri.

Kile ambacho hakukifikiria ni kwamba majalada ya hataza yako wazi. Mtu yeyote anaweza kuyasoma, na Lindthal waliyasoma siku yalipofika. Mkwe wa Ortwin akaitwa ofisini kwa mkubwa wake na kuulizwa kama baba mkwe wake ni mwizi.

Ortwin alikuja karakanani asubuhi yake kama kawaida. Alitundika koti, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Roswitha. Mashine yangu ilikuwa inazunguka. Niliizima, sijui kwa nini.

"Umeandika kwamba nimeiuza pete."

"Nimeandika kwamba naamini, kutokana na mambo yote yaliyo..."

"Usinisomee. Nimeshasomewa, nyumbani kwangu, mke wangu amekaa hapo anasikiliza."

"Mkwe wako yuko kule, Ortwin. Hukuniambia."

"Sikukuambia kwa sababu ungenitazama hivi unavyonitazama."

"Basi niambie si wewe."

Ortwin alifikiri. Nilidhani atasema, na nadhani Roswitha naye alidhani hivyo, maana aliinuka kidogo kwenye kiti.

"Ungeniuliza mwaka jana ningekuambia," akasema. "Leo nikikwambia si mimi, utakwenda kuhakikisha."

Aliipangusa mashine yake yote, hata sehemu za nyuma ambazo hakuna anayezipangusa. Akachukua kikombe chake na redio ndogo, akavaa koti. Tilo alimfuata mpaka barabarani, akarudi peke yake. Siku hiyo hakuna aliyefanya kazi ya maana. Roswitha alisema kwa sauti, kama anayemjibu mtu, kwamba asiye na hatia angejitetea.

Rufaa ilisikilizwa Munich, mwanzoni mwa vuli nyingine. Nilikwenda kwa sababu wakili alitaka mtu wa kueleza jinsi siri ilivyokuwa ikitunzwa karakanani. Ukumbi ulikuwa mweupe na mkubwa kuliko ulivyohitajika. Mbele walikaa watatu: mwenyekiti, mwanasheria, na mwanamke mwenye nywele fupi ambaye alikuwa mhandisi wa vyombo vya mwanga. Watu wa Lindthal walijaza meza yao. Yetu ilikuwa na Roswitha na wakili. Mimi nilikaa nyuma.

Safari hii Volkmar Nies alikuja mwenyewe, maana Daktari Theissen alikuwa ameshikilia aletwe. Alikuwa mzee mnene mwenye kifaa cha kusikia sikioni na tai yenye picha za bata. Nilimtazama kwa chuki, nikangoja amtaje Ortwin.

"Tueleze ulifikaje pale," mwenyekiti alimwambia.

"Walikuwa wametangaza mashine kuukuu ya kung'arishia. Nilikwenda kuiangalia Jumamosi moja. Ilikuwa na kutu, sikuinunua."

"Nani alikupokea?"

"Mzee wa hapo."

"Fundi?"

"Sidhani. Alikuwa amevaa sapatu za nyumbani."

Kalamu ya Roswitha ilisimama juu ya karatasi.

Nies aliendelea, bila haraka, kama mtu anayesimulia safari ya mapumziko. Mzee alimfungulia kwa ufunguo wake. Hakuna mwingine aliyekuwepo. Alisema binti yake amekwenda arusini. Alimpa mvinyo wa tufaha, mkali kidogo. Walizungumza habari za mashine za zamani. Nies alipoaga, mzee alimshika mkono wa koti.

"Akasema, 'Njoo uone kitu.' Akafunua kitambaa. Akaiwasha taa, akaizungusha ile meza ndogo, akanionyesha nukta. Ilikuwa haitikisiki kabisa. Nikamwuliza nani amebuni. Akasema, 'Binti yangu. Mimi nimeifanya kazi hii maisha yangu yote, na nisingeweza kuibuni.'" Nies alitabasamu kidogo. "Halafu akasema, 'Ila usimwambie nimesema hivyo. Atavimba kichwa.'"

Roswitha alikuwa ananipa mgongo, nikaona tu mabega yake yanashuka.

Daktari Theissen hakupoteza muda. "Alikwambia usimwambie," alisema. "Kwa hiyo alikutaka utunze siri."

"Asijue nini?" mwenyekiti alimwuliza Nies. "Pete, au maneno ya kumsifu?"

"Maneno," Nies alijibu. "Pete alitaka dunia nzima iione, ndivyo nilivyomwona."

Wakili aliomba mapumziko mafupi. Kwenye korido alimvuta Roswitha pembeni, kando ya mashine ya kahawa, na mimi nikawa nyuma yao.

"Lile la Debus limekufa. Lakini kuna njia. Baba yako ana maradhi ya kusahau, na daktari wake anaweza kuthibitisha. Tukisema yalikuwa yameshaanza vuli ile, basi Nies alimrubuni mzee mgonjwa mpaka akafunua kitambaa. Hiyo pia ni hila."

"Alikuwa hajaanza kusahau," Roswitha alisema.

"Una uhakika? Mara nyingi familia haioni mwanzo wake."

Ninamjua Roswitha, alikuwa anahakikisha. Aliipitia vuli ile siku baada ya siku, akimtafuta baba yake aliyechanganyikiwa. Na huenda alimpata mahali fulani, maana uso wake ulibadilika.

"Nikisema alikuwa amechanganyikiwa," alisema polepole, "basi na hilo alilolisema ni la kuchanganyikiwa."

"Bibi Schmandt, hapa hatupimi alilolisema."

"Mimi nalipima. Hapana. Alikuwa na akili zake timamu. Na lile la Ortwin lifute, uwaambie sasa hivi."

Wakili alimtazama, akanitazama mimi kana kwamba ningemsaidia, kisha akaingia ndani na kufanya alivyoambiwa. Watu wa Lindthal walianza kukusanya makaratasi yao taratibu, kama wageni wanaojua chakula kimekwisha.

Ndipo yule mhandisi mwenye nywele fupi, ambaye alikuwa hajasema neno, akainamia kipaza sauti.

"Bwana Nies, pete uliishika?"

"Hapana. Ilikuwa imefungwa kwa skrubu juu ya meza yake."

"Chini yake uliona nini?"

"Chini? Sikuona chini. Ningeonaje?"

"Mzee alikueleza kwa nini nukta haitikisiki?"

Nies alifikiri kwa uaminifu. Lazima nimpe haki yake. "Nilimwuliza. Akasema hiyo ni kazi ya binti yake kueleza."

Walijadiliana mchana ule kuhusu mikato. Wakili wa Lindthal alisema fundi yeyote angekisia kilichopo chini. Mhandisi akamwuliza angekisia vipi, akamsikiliza, akamwuliza tena. Jioni mwenyekiti alisoma uamuzi. Pete ya vidole vitatu kwa jumla ilikuwa imeonekana, haikuwa ya mtu. Lakini pete yenye mkato chini ya kila kidole haikuwa imeonekana na yeyote, na hiyo ilibaki ya Roswitha. Alikuwa ameomba shamba zima, akapewa kona yenye kisima.

Kwenye treni hatukusherehekea. Alinunua vikombe viwili vya kahawa, akaniletea kimoja.

"Alisema asingeweza kuibuni," alisema. "Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Kwa mgeni, Gunda. Mtu wa Lindthal."

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa baba yake peke yake. Aliporudi alipita kwangu, akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Nimemwuliza kama aliwahi kumwonyesha mtu pete yangu. Amesema, 'Pete gani? Wewe huna mume.'"

"Anasahau, Roswitha."

"Ndiyo. Lakini alinitazama kwanza. Alinitazama, halafu ndipo akasahau." Akageuza kijiko mezani. "Na siku ile ya keki, aliposema nani mwingine angeionyesha. Ulikuwepo. Alikuwa anamsema Ortwin, au alikuwa ananiambia?"

Mpaka leo najiuliza. Inawezekana mzee alikuwa amesahau kweli, na akamsema Debus kwa sababu ya wateja wa zamani. Inawezekana pia alikumbuka vizuri kabisa, akaona mwingine anabebeshwa, akaendelea kula keki yake. Roswitha hakumwuliza tena. Alikuwa anakwenda kila Jumapili, anamnyoa ndevu, anamsikiliza akilalamikia bei ya mashine.

Kwa Ortwin alikwenda pia. Aliniambia mke wake alimfungulia mlango na kumwacha amesimama kwenye kizingiti mpaka Ortwin alipotoka bustanini.

"Nilikosea," Roswitha alimwambia.

"Ulikosea."

"Nimewaambia Munich wayafute yale maneno."

"Wameyafuta?"

"Wameandika kwamba nimeyaondoa."

"Kwa hiyo yapo," Ortwin alisema, "na chini yake imeandikwa kwamba umeyaondoa. Atakayesoma ataanza juu."

Roswitha alimwomba arudi kazini, akamwahidi kwamba chochote kitakachobuniwa tena kitakuwa na majina mawili. Ortwin alimshukuru. Alisema ameshapata kazi kwenye kiwanda cha mabomba ya maji kule Herborn, watu ni wacheshi, kahawa ni mbaya. Akamsindikiza mpaka kwenye gari kwa sababu kulikuwa na barafu. Hawakupeana mikono.

Mzee Eberhard alifariki mwezi wa tatu, mvua ikiwa inanyesha juu ya theluji iliyobaki. Baada ya mazishi tulikaa kwenye ukumbi wa kanisa, tukala keki na kunywa kahawa, na watu wakaanza kuongea kwa sauti kubwa kidogo kidogo, kama ilivyo kawaida. Ortwin aliingia amevaa suti nyeusi iliyombana. Alikwenda mpaka kwa Roswitha.

"Pole."

"Asante kwa kuja, Ortwin."

"Baba yako hakunipenda."

"Hakukupenda hata kidogo."

"Na mimi sikumpenda vilevile." Akavuta kiti, akatazama keki zilizokuwa mezani. "Hii ya jibini nani ameipika?"

"Gunda."

"Basi nipe kipande."

Alikula, akamwuliza Tilo habari za mama mkwe, akaondoka kabla giza halijaingia. Kazini hakurudi, na hakuna aliyetegemea angerudi. Roswitha aliajiri fundi mwingine wa chuma, mwanamke kutoka Marburg, na magoti yalipomshinda akatuachia mimi na Tilo karakana. Pete zenye mkato tunazitengeneza bado. Lindthal walitafuta njia yao wenyewe, na watu wanaojua wanasema ni nzuri pia.